Muuzaji wa boti anataka arubuni kabla ya Ijumaa, nimpe?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Wolverhampton, Uingereza, pamoja na mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Naendesha foklifti kwenye ghala, mke wangu anahudumia wazee na mara nyingi anaingia zamu ya usiku. Mwenye nyumba ametupa notisi kwa sababu anataka kuuza. Kodi za nyumba nyingine tulizoulizia zimetutoa jasho. Kwa kujinyima tumeweka akiba ya pauni 45,000. Nyumba ya kununua hatuigusi, lakini nimeona boti nyembamba ya mfereji, zile ndefu za chuma ambazo watu huishi humo, inauzwa pauni 41,500.

Ina urefu wa futi 57 na ilijengwa mwaka 1989. Ndani imekarabatiwa yote: jiko jipya, mbao zinang'aa, makochi ya buluu, jiko la kuni la kuleta joto, kitanda cha mtoto. Ipo kwenye marina, yaani bandari ndogo ya kuegesha boti, imechomekwa umeme wa nchi kavu saa zote. Muuzaji anasema cheti cha usalama bado kina miaka miwili na chini ilipakwa lami mwaka jana. Ana pia ripoti ya mkaguzi ya miaka sita iliyopita inayosema chuma ni kizima, kwa hiyo kuleta mkaguzi mwingine ni kutupa hela. Anataka arubuni ya pauni 4,000 kabla ya Ijumaa, maana kuna mteja mwingine anaitaka.

Kulipia maegesho ya kudumu hatutaweza. Tumeambiwa unaweza kuishi bila maegesho mradi unahamahama. Shule ya binti yetu iko hapa hapa Wolverhampton.

Mke wangu hataki kusikia. Ananiuliza: "Umeikimbia bahari nzima ya Hindi uje kuzama mtaroni?" Nimpe huyu bwana pesa au nisimpe?

Ni mimi mpwa wako,
Baharia wa Ghalani

*

Marahaba, mpwa wangu. Msalimie sana mkeo, na umwambie swali lake ndilo la maana kuliko yote uliyoniandikia.

Ijumaa usimpe kitu. Mteja mwingine yupo kila boti inapouzwa, na kama yupo kweli, mwache anunue. Arubuni hutolewa kwa maandishi yanayosema kwamba bei inategemea ukaguzi wa boti ikiwa nje ya maji, na kwamba ripoti ikiwa mbaya unarudishiwa pesa yako yote au bei inajadiliwa upya. Muuzaji akikataa sentensi hiyo moja, amekwisha kukuambia hali ya boti yake bila wewe kulipa mkaguzi.

Sasa tuingie chini ya maji, maana huko ndiko pauni zako 41,500 ziliko. Makochi na mbao zinazong'aa fundi yeyote wa nyumba anaziweka kwa wiki chache. Boti ni lile bakuli la chuma. Siku hizi boti nyingi hujengwa kwa bati la milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 kwenye kibanda cha juu. Nyingi za miaka ya 1980 zilianza na milimita 6 tu hapo chini. Hiyo yako imekaa majini zaidi ya miaka thelathini. Kampuni za bima huangalia sana milimita 4: bati likishuka hapo, nyingi hukataa kukupa bima kamili, au hudai boti ivalishwe bati jipya juu ya la zamani. Kwa hiyo tofauti ya boti uliyonunua na mzigo uliobebeshwa inaweza kuwa milimita moja na nusu, na milimita hiyo haionekani ukiwa umesimama kwenye gati na kikombe cha chai.

Ripoti ya miaka sita iliyopita mwachie muuzaji. Kwanza, aliyelipia ndiye aliyehudumiwa. Mkaguzi akikosea kwenye ripoti aliyomwandikia mtu mwingine, wewe huna pa kumshika. Pili, miaka sita kwa chuma kilichochomekwa umeme wa marina ni mingi sana, na hapa ningependa utulie kidogo uelewe kinachotokea.

Waya wa umeme wa nchi kavu una uzi wa ardhi ndani yake. Uzi huo unaiunganisha boti yako na boti zote jirani zilizochomekwa, na pengine hata na nguzo za chuma za gati. Maji ya mfereji nayo yamewazunguka nyote. Chuma, waya na maji: hapo pametengenezwa betri kubwa, na betri hula upande mmoja. Ndiyo maana ubavuni mwa kila boti, chini ya maji, omoni (mbele) na tezini (nyuma), huchomelewa vipande vya madini laini viliwe vyenyewe badala ya chuma cha boti. Huitwa anodi. Kwenye maji yasiyo na chumvi ya mfereji hutakiwa za magnesiamu. Zile za zinki ni za bahari, na kwenye mfereji hujifunika ganda zikalala tu. Boti iliyochomekwa mwaka mzima bila kifaa cha kukata mkondo huo inaweza kumaliza anodi zake mapema kuliko mwenyewe anavyodhani, kisha jirani anaanza kula ubavu wako. Muulize muuzaji maswali mawili: je, boti ina kifaa hicho, yaani kitenganishi cha galvani au transfoma ya kutenganisha? Anodi zilibadilishwa lini, na risiti iko wapi? Sura yake akijibu itakusaidia pia.

Na hiyo lami ya mwaka jana? Wewe ni mtoto wa Tanga, umeona majahazi yakipandishwa pwani, yakikwanguliwa na kupakwa deheni. Lami ya boti hizi ni deheni ya chuma. Hupakwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na ile ya epoksi hudumu zaidi ikiwa chuma kilisafishwa vizuri kabla ya kupakwa. Kupaka ni jambo jema. Lakini kupaka kabla ya kuuza ni jambo ninalolitazama kwa jicho moja limefumbwa, kwa sababu lami mpya hufunika vishimo. Kutu ya majini haili bati sawasawa. Huchimba vishimo vidogo kama ndui, na kwenye sehemu ya milimita 5 unaweza kukuta shimo limebakisha 2. Mkaguzi anayeijua kazi yake huosha upande kwa maji ya shinikizo, hukwangua lami sehemu nyingi, hugonga kwa nyundo akisikiliza sauti, na hupima unene kwa mawimbi ya sauti kila hatua chache, pande zote mbili, chini na kwenye mstari wa maji. Mchague wewe mwenyewe. Asiwe rafiki wa marina wala wa muuzaji. Atakutoza mamia ya pauni, na kuitoa boti majini ni gharama nyingine juu. Lipa. Ukiweza, nenda usimame naye siku hiyo, mwulize kila anapochora kwa chaki.

Akikuta boti imekwisha kuvalishwa bati la pili, usikimbie mara moja. Kuna boti zilizovalishwa vizuri zinazofanya kazi miaka mingi. Lakini uzito umeongezeka, boti imekaa chini zaidi majini, na matundu ya hewa na ya kutolea maji ubavuni yamesogea karibu na mstari wa maji. Hilo lipimwe, na bima iambiwe.

Kuhusu cheti cha usalama, watu wengi hudanganyika hapa, tena wengine si wageni. Cheti cha Boat Safety Scheme hutolewa kila baada ya miaka minne, na bila hicho hupati leseni. Kinaangalia gesi, mafuta, umeme, moto, hewa, na tangu Aprili 2019 kinadai pia king'ora cha monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu ya moto isiyo na harufu, kwenye boti zenye malazi. Unene wa chuma hakiuangalii hata kidogo. Boti inaweza kuwa na cheti safi na tundu lililozibwa na lami. Kwa hiyo muuzaji anapokuonyesha cheti ukiwa umemuuliza habari za bati, amekujibu swali jingine.

Kabla hujamlipa mkaguzi, kuna mambo mawili unaweza kuyafanya mwenyewe bure. Nenda tezini, ndani, pale kibanda kinapoishia kabla ya injini. Sakafuni kwa kawaida pana kifuniko kidogo cha ukaguzi, wakati mwingine kimefichwa chini ya zulia au ngazi. Kinyanyue uingize mkono mpaka uguse bati. Maji yote ya ndani, yawe ya bomba linalovuja, ya bafu au ya mvua ya madirishani, huishia hapo kwa sababu boti hukaa imeinama kidogo nyuma. Pakiwa pakavu na pana vumbi, vizuri. Mkono ukitoka umelowa, na vidoleni umeshika maganda ya kutu yanayovunjika kama makapi, ujue boti hiyo inaliwa kutoka ndani na nje kwa wakati mmoja. Muuzaji akikwambia hakuna kifuniko kama hicho, omba aondoe ubao mmoja wa sakafu.

La pili ni pale mhimili wa rafadha, ile feni inayosukuma boti, unapotoka kuingia majini. Pana kifungio kinachobanwa na grisi. Injini ikiwa inazunguka kikidondosha tone moja moja si neno. Baada ya safari ya siku, unazungusha kikombe cha grisi mpaka uhisi kinakaza, na matone yanakoma. Wanaosahau hutegemea pampu ifue maji ya ngama, yaani ya chini kabisa ndani ya boti, usiku kucha. Pampu hula betri, betri inakufa, na asubuhi majirani wanakugongea dirisha lililo chini ya maji. Karibu na hapo kuna mlango wa bati juu ya rafadha wa kuondolea magugu, mifuko ya plastiki na nguo kuukuu zinazojifunga. Katika mifereji ya mjini utaufungua mara nyingi kuliko unavyodhani. Zima injini, ufunguo utie mfukoni, ndipo utie mkono. Na ukirudisha kifuniko, kikaze, kisha kikague tena kabla ya kutia gia. Boti nzima kabisa zimezama kwa kifuniko kilicholegea, maana rafadha ikianza kuzunguka husukuma maji ndani kwa nguvu.

Mengine ya injini nitayapitia haraka, kwa kuwa wewe mtu wa foklifti huyaogopi: oili kwa kawaida kila saa 250 za kazi au kama kitabu cha injini kisemavyo, chujio za dizeli, mkanda, maji ya kupozea yenye dawa ya baridi. Tangi la dizeli lijazwe kabla ya majira ya baridi, maana nafasi tupu hutoa jasho na maji hayo huotesha uchafu unaoziba chujio. Betri za asidi usizishushe chini ya nusu. Wanaohamia botini kutoka nyumbani huua betri zao za kwanza kwa friji, televisheni na birika la umeme. Mkiondoka kwenye waya wa marina hilo birika mpeni mtu zawadi.

Gesi itumike ya propani, kwa sababu butani baridi ikifika sifuri haitoki. Mitungi hukaa kwenye sanduku la omoni lenye tundu la kutolea nje, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini mpaka ngamani. Jiko la kuni lina usalama wake likisafishwa bomba na kufungwa vizuri. Matundu ya hewa ya mlangoni na darini msiyazibe hata barafu ikishuka. Na naomba nikusemee jambo ambalo sisi watu wa kwetu tunalizoea: jiko la mkaa lisiingie ndani ya boti hata kwa dakika moja, hata moto ukiwa umebaki majivu. Tena mkeo akirudi alfajiri na kulala mchana, atakuwa amelala ndani ya kisanduku cha chuma chenye upana wa futi sita na inchi kumi. King'ora kimoja kiwe karibu na jiko, kingine karibu na kitanda, na kijaribiwe kwa kukibonyeza.

Sasa shule, maana hapa naona ndipo mpango wenu ulipolegea zaidi, kuliko hata chuma.

Mifereji mingi ya Uingereza na Wales iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililopokea kazi kutoka shirika la serikali la British Waterways mwaka 2012. Sheria ya mwaka 1995 inasema asiye na maegesho ya kudumu lazima awe msafiri kweli, asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. "Mahali" hapo si kigingi kile ulichofunga kamba. Kusogea hatua mia na kurudi baada ya wiki hakukubaliki, na Trust huandika namba za boti wanapopita. Kuwa na mtoto shuleni au kazi karibu si sababu inayotosha yenyewe. Pima hali ya Wolverhampton ilivyo: upande mmoja mna njia kuu ya kwenda Birmingham, ambayo haina loki mpaka Tipton, kisha loki tatu, halafu tambarare tena hadi katikati ya Birmingham. Upande mwingine mna loki 21 zinazoshuka hadi Aldersley. Loki, kwa asiyejua, ni kile kizimba cha kupandishia na kushushia boti kwa kujaza na kutoa maji. Ukienda mbali kwa dhati, siku nyingine shule itakuwa mwendo wa basi mbili saa kumi na mbili asubuhi ya giza la Januari, mama ametoka zamu, baba anatakiwa ghalani. Wapo wanaoweza. Lakini kaeni na ramani na ratiba ya zamu mezani kabla ya kusema mnaweza.

Tena wasio na maegesho wameongezewa ada ya leseni, kidogo kidogo, tangu Aprili 2024. Leseni ya boti kama hiyo inapita pauni 1,000 kwa mwaka. Ongeza bima, dizeli, makaa yasiyo na moshi, gesi, akiba ya lami na kupandishwa nchi kavu, ukarabati usiotarajiwa. Baada ya kununua utabaki na pauni 3,500, na humo utoe mkaguzi. Hiyo haitoshi. Kwa akiba yenu mimi ningetafuta boti isiyozidi pauni 35,000, hata iwe fupi na makochi yamechanika, lakini bati lake limepimwa. Futi 57 si kosa, kwa kuwa hupita karibu mtandao wote, zikiwemo loki fupi za kaskazini. Ila futi 45 zenye chuma kizuri zitamlaza mtoto wako salama kuliko 57 zenye ndui. Na usiihesabu kama nyumba: benki haitoi mkopo wa nyumba kwa boti ya namna hii, na thamani yake hushuka kadiri inavyozeeka.

Karatasi nazo. Boti za mfereji hazina hati ya umiliki kama ardhi. Leseni haithibitishi kwamba boti ni ya mtu. Dai hati ya mauzo iliyosainiwa, pamoja na hati za mauzo za wamiliki waliotangulia, risiti za marina kwa jina lake, na tamko la maandishi kwamba boti haina deni. Pia tafuteni mapema anwani ya barua kwa ndugu au rafiki anayeaminika, kwani shule, benki na mwajiri wataiuliza. Daktari wa mtaa hatakiwi kuwakatalia kujiandikisha kwa sababu tu hamna uthibitisho wa makazi, lakini wahudumu wa mapokezi wengine hawalijui hilo, basi usirudi nyumbani kwa jibu la kwanza.

Binti avae jaketi la kuokolea kila akiwa nje ya kibanda, awe anajua kuogelea au hajui. Na siku mtakayoshuka loki, tezi ya boti ibaki mbele ya mstari mweupe uliochorwa ukutani. Nyuma ya mstari huo, chini ya maji, kuna kizingiti cha mawe au zege. Maji yakishuka na tezi imekalia hapo, omo inaendelea kushuka peke yake, na boti hujaa maji kabla hujafika kwenye mpini wa kufungia.

Kwa mkeo nina ombi moja. Kabla ya kununua chochote, kodisheni boti ya likizo wiki moja, si Julai bali Machi mwanzoni au Novemba. Mbebe wenyewe kasha la choo mpaka mahali pa kulimwaga, mjaze maji kwa mpira huku mvua inanyesha, muwashe jiko asubuhi moshi ukiwakataa. Yeye alale humo mchana kama anavyolala baada ya zamu, wewe na mtoto mkiwa mnatembea juu ya dari yake. Akisema hapana baada ya hapo, hiyo ni hapana, na pauni zenu 45,000 bado mnazo.